Miguu ya Shangazi na Simbilisi Aliyenyamaza

Nilipofika Kawajense, Mpanda, kwenye msiba wa Shangazi Skolastika, sikuanza kwa kulia. Nilipita katikati ya wanawake waliokuwa wanachambua mchele kwenye nyungo, nikawapa pole, nikaenda moja kwa moja kwenye jiko la nje. Nilitaka kujua kama simbilisi bado wapo. Wapo! Nilipoinama tu karibu na benchi la kuni wakaanza miluzi yao, wii, wii, wii, wakatoka mmoja mmoja kuninusa vidole vya miguu, wadogo, wanene, wasio na mkia, kama vile niliwaacha jana. Wote walitoka isipokuwa mmoja wa kahawia aliyebaki kwenye kona, amejikunyata, manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba. Hakupiga mluzi. Nilipomwona huyo ndipo machozi yakaja, nikalia kwa sauti mpaka mama mmoja akaacha ungo wake akaja kunibembeleza, akisema nyamaza dada, kazi ya Mungu haina makosa. Nikakubali kubembelezwa. Ningemwelezaje kwamba namlilia simbilisi? Na kwamba hata huyo simbilisi ninayemlilia si huyu, ni mwingine, aliyekufa zamani kwa uzee wake?

Watu wakisimulia maisha yao huanza na babu aliyetoka wapi na bibi aliyeolewa vipi. Mimi sitaki, hayo yatawachosha na mimi yananichosha. Nitaanza na kitanda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaletwa kwa Shangazi kusubiri matokeo, nikapewa kitanda cha binamu yangu Konsolata, binti pekee wa Shangazi, ambaye alikuwa Karema kwa masista akijiandaa kuweka nadhiri zake za kwanza. Matokeo yalikuja, yakawa kama yalivyokuwa, nami nikaendelea kukaa, mwaka ukapita. Nguo za Konsolata zilikuwa bado zinaning'inia kwenye misumari juu ya kichwa changu, gauni la njano na sketi ya shule, na Shangazi hakutaka ziguswe. Chumba kilinuka mchele, kwa sababu magunia aliyouza sokoni Kashaulili yalipangwa humo humo hadi karibu na dirisha. Nililala katikati ya mchele wa Mpimbwe na nguo za mtu asiyekuwepo. Wakati mwingine nikiamka nilisahau mimi ni nani kati yetu wawili.

Jiko lilikuwa nje, la matofali ya kuchoma, bati limekuwa jeusi kwa moshi, na humo ndimo walimoishi simbilisi. Majirani wengine walifuga ili wale. Shangazi hakuwala wake. Alisema nyoka haingii penye simbilisi, na mtu akimuuliza mbona paka naye anafukuza nyoka, alijibu paka ni mwizi wa migebuka, samaki wetu wa ziwani. Sababu yenyewe ilikuwa moja tu, dume moja kubwa la rangi mbili, kahawia na nyeupe, aliyeitwa Bwana. Jina hilo alipewa kwa utani, kwa sababu kila jioni Shangazi akirudi sokoni, kabla hajafungua mlango wa uani, Bwana alishasikia kandambili zake na kuanza kupiga mluzi. Hakukosea hata siku moja. Mimi nikipita na kandambili hizo hizo, kimya. "Unaona?" Shangazi alikuwa akisema, anatua kapu. "Mume wangu, Mungu amlaze pema, sikuwahi kumsikia akiniita namna hii." Halafu anatoa kwenye kapu majani ya matembele aliyookota chini ya meza za wauza mboga, anamlisha Bwana kwanza, sisi tutakula baadaye.

Shida ilikuwa miguu yake. Tangu masika ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, na ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta; sokoni alipelekwa na kurudishwa hadi langoni kwa baiskeli ya kukodi. Barua ya Karema ilipofika kusema nadhiri zitakuwa mwisho wa kiangazi, Shangazi aliishika muda mrefu, akaniambia, "Vero, mama ndiye anamsindikiza binti yake. Toka mlango wa kanisa hadi altareni, kwa miguu, na mshumaa mkononi. Mimi hata chooni nafika kwa shida." Akaenda hospitali, akarudi na vidonge vya kukojoa na maneno makali juu ya chumvi. Tukaanza kula mboga bila chumvi, jamani, mboga chungu kama adhabu, mimi nikiwa na kipande cha chumvi nimekificha kwenye mfuko wa sketi. Kila jioni tukafanya mazoezi uani. Shangazi alisimama langoni ameshika ukuni kama mshumaa, mimi nikasimama kushoto kwake nikiwa Konsolata, na tukatembea polepole hadi mlango wa jiko, ambao ndio ulikuwa altare. Mwanzoni hakufika hata nusu ya uwanja. Alikaa chini akanitukana mimi, mchele, na mtu aliyebuni makanisa marefu.

Kiangazi kikakaza. Mpanda ikawa vumbi, majani yakakauka mpaka yakaisha, na chini ya meza za sokoni hapakuwa na cha kuokota kwa sababu mboga zenyewe zilikuwa adimu. Simbilisi tukawalisha pumba, ukoko wa ugali na maganda makavu ya mahindi. Walikula, hatukuona neno. Kisha jioni moja Shangazi akaingia uani na kandambili zake, pa, pa, pa, na jiko likawa kimya. Alisimama. Akarudi nyuma hatua kidogo, akaja tena, akikanyaga kwa nguvu zaidi. Kimya. Nikaingia jikoni nikamkuta Bwana nyuma ya mtungi, amejikunja kama mpira, manyoya yamesimama. Nilipomnyanyua alilia, sauti nyembamba niliyokuwa sijaisikia kwake, na miguu yake ya nyuma ikaning'inia tu. Alikuwa mwepesi. Nilimshika kila siku na sikuwa nimeona kwamba amekonda, kwa sababu ya manyoya. Nilimwekea ukoko mdomoni, akautafuna kidogo, akauangusha.

Na wiki hiyo hiyo, sikilizeni, miguu ya Shangazi ilianza kupungua uvimbe. Kwanza vidole vikaonekana, halafu kifundo. Jioni moja akatoka langoni na ukuni wake akafika mlango wa jiko bila kusimama, akageuka akanitazama kwa macho makubwa, akasema, "Konsolata, tumefika." Alisahau kwamba ni mimi. Tulikumbatiana tukacheka. Nyuma yake, ndani ya jiko, Bwana alikuwa anajikokota kwa miguu ya mbele kulifuata joto la majivu. Nilifurahi na nikaona vibaya kwa kufurahi, vyote kwa mara moja, na sikuwa na mtu wa kumuuliza kama inaruhusiwa.

Walioyaunganisha hayo mawili ni wanawake wenzake wa sokoni. Walikuja Jumapili kunywa chai, wakakaa kwenye mkeka chini ya dirisha la chumba changu, nami nilikuwa ndani nakunja nguo nasikia kila neno. Mmoja aliona miguu ya Shangazi akapiga vigelegele. Mwingine akauliza habari za Bwana, mbona leo hapigi mluzi, Shangazi akasema anaumwa miguu, haitembei. Kisha yule wa kwanza akasema taratibu, "Amekubebea, Skola." Wote wakaitikia, eeh, amekubebea. Wakaanza kueleza, huyu ameona kwa bibi yake, yule kwa jirani, kwamba simbilisi anayempenda mtu huuvuta ugonjwa wa mtu huyo, na mnyama akishaubeba hapewi dawa wala chakula cha kumponya, anaachwa aende nao. Ukimponya yeye, umeurudisha ulikotoka. Nilitega sikio nimsikie Shangazi atawacheka. Alikuwa mtu wa kucheka mambo kama hayo, na rozari yake haikutoka shingoni. Hakucheka. Alisema tu, "Ongezeni chai, itapoa."

Siku iliyofuata nilikwenda Kashaulili kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja mnyama mwenyewe. "Simbilisi?" akasema, akawatazama wateja wengine. "Huyo dawa yake ni kitunguu na nyanya." Watu wakacheka, nikaona haya, lakini sikuondoka, na mwishowe akanipa unga wa vitamini ya kuku, akisema kama haumsaidii hautamuua. Njiani nikapita kwa jirani yetu Mama Ngolo, Msukuma aliyekuja na mume wake na ng'ombe kutoka kaskazini, nikamwomba aje amtazame. Alimfunika Bwana kwa kitenge, akambana taratibu mapajani, akamfungua mdomo kwa kidole kidogo. Meno hayakuwa marefu kupita kiasi. Fizi zilikuwa zimevimba na zina damu. "Ng'ombe akiwa hivi ningekuambia kitu," akasema. "Huyu mimi simjui, mwanangu. Naona tu anaumwa kweli. Mnampa majani?" Nikasema majani yako wapi kiangazi hiki. Akacheka, akasema hata ng'ombe zake zinauliza hivyo hivyo. Nilichanganya ule unga kwenye maji, nikamtilia Bwana mdomoni kwa kijiko, tone kwa tone, na hapo ndipo Shangazi akaingia.

"Unampa nini?" Nikamwambia. Alisimama mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja, na nilimwona akiitazama miguu yake, kisha Bwana, kisha miguu yake tena. "Mwaga," akasema. Nikasema, "Shangazi, hayo maneno ya akina mama si ni ya kizamani tu?" "Ndiyo, ni ya kizamani," akasema. "Mwaga, Vero." Nikamwaga. Sikujua nimtii nani. Ndani yangu kulikuwa na mtu mmoja anayesema huyu ni mnyama mgonjwa, mpe dawa, na mwingine anayesema je, kama ni kweli? Je, kama mkono wako huu huu ndio utakaomkalisha Shangazi chini siku ya binti yake? Nilikuwa na elimu ya biolojia ya kidato cha nne, mfumo wa damu nimeuchora kwa penseli za rangi, na haikunisaidia chochote. Tuliishi hivyo siku kadhaa. Shangazi alikula akiwa ameligeuzia jiko mgongo. Mazoezi tuliendelea nayo, na alitembea vizuri zaidi kila jioni, lakini hakusema tena tumefika.

Mchana mmoja nilitoka kisimani na ndoo kichwani, nikashangaa kukuta mlango wa jiko wazi, kwani saa hizo Shangazi huwa sokoni. Alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha mbele, imejaa tope hadi magotini, na Bwana yuko mapajani mwake juu ya kitenge cha kanisani. Pembeni kulikuwa na fungu kubwa la mchicha, mbichi, bado una maji. Alikuwa anautafuna jani moja moja, anautoa mdomoni, anaupenyeza kwenye mdomo wa Bwana kwa kidole. Mchicha kama ule kiangazi kile ulikuwa bondeni tu, kwenye bustani za kumwagilia, mbali sana kwa mtu mwenye miguu kama yake.

"Nimekwenda mwenyewe," akasema bila kuniangalia. "Nimekwenda na kurudi. Miguu hii nimeona niitumie kabla sijairudisha."

Nikatua ndoo, maji yakamwagika. "Shangazi! Na Karema je?"

"Karema nitafika. Gari lina matairi."

"Kumsindikiza je? Tumefanya mazoezi yote haya!"

"We mtoto, usinipigie kelele, huyu anashtuka." Akatafuna jani jingine. "Kila siku ananiita nikirudi. Kila siku. Halafu mimi nimkalie kimya afe, ili nitembee? Konsolata ataolewa na Yesu hata mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda."

Nikamuuliza kama kweli anaamini ile habari ya kubeba. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga kabisa. "Ningekuwa siamini," akasema, "si ningempa mchicha tangu siku ya kwanza?" Kisha akaniambia lile jambo libaki humo jikoni, Konsolata asilisikie kamwe, kwa sababu mtoto hatakiwi kujua aliwekwa kwenye mizani na nini. Nikaapa. Tulimlisha Bwana pamoja siku zilizofuata, na ule unga wa kuku nao tukaanza tena kumpa, na mahali pake pa kulala tukapasogeza mbali na moshi, na Shangazi akasali, kwa hiyo mpaka leo siwezi kusema kipi kilimponya. Alianza kwa kula mwenyewe. Halafu akasimama kwa miguu minne, anatetemeka. Siku moja kabla ya safari, Shangazi akaingia uani na kandambili zake, na kutoka jikoni ukatoka mluzi mmoja, dhaifu, umepinda katikati. Shangazi aliegemea ukuta akalia kama mtoto.

Tulikwenda Karema kwenye gari la mizigo, tumekaa juu ya magunia kutwa nzima, miguu imening'inia. Tulipofika tulikaribishwa kwa ugali na migebuka iliyokaushwa kwa chumvi, na Shangazi alikula, kwani ungemkataaje mwenyeji? Na vidonge vilikuwa vimekwisha tangu Mpanda. Kwa hiyo sijui. Asubuhi ya nadhiri alipojaribu kusimama, miguu ilikuwa imevimba kuliko masika, ndala haziingii. Alinitazama, mimi nikamtazama. Alifunika miguu kwa kitenge akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa kanisa, na mshumaa akanipa mimi. Kwenye mazoezi nilikuwa Konsolata. Siku yenyewe nilikuwa Shangazi. Nilitembea lile kanisa refu pembeni ya binamu yangu aliyevaa nyeupe, na kila hatua alikuwa akigeuka nyuma. "Mama ana nini?" akaninong'oneza. "Si majirani wameniandikia kwamba amepona, anatembea hadi bondeni?" Nikamwambia ni uchovu wa safari. Niliona uso wake ukijifunga. Nilikasirika, na hasira yenyewe sikujua niipeleke wapi, kwa Shangazi, kwa wanawake wa mkekani, au kwa yule simbilisi aliyekuwa Kawajense anakula mchicha kwa raha zake.

Haya yote nilikuwa nayafikiria nimekaa kwenye benchi la kuni, msibani, wakati Sista Konsolata alipoingia jikoni. Amezeeka vizuri, mnene kidogo, na anatembea na fimbo, kwa sababu miguu ile ile ya mama yake imemjia. Alikaa kwenye kigoda akashusha pumzi. "Vero," akasema, "mama ameshaondoka, kwa hiyo niambie. Alikuwa hataki niwe sista, ndiyo maana hakunisindikiza, si ndiyo? Miaka yote nimejua hivyo. Nilimsamehe, ila ningependa kusikia." Loh! Nilidhani alishasahau. Nikamtazama mtu mzima yule mwenye msalaba kifuani, aliyebeba kitu hicho tangu usichana, na kiapo changu nikakiona hakina kazi tena. Nikamweleza. Nikamweleza mchicha, na tope magotini, na niitumie kabla sijairudisha. Aliduwaa. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka wanawake wa nje wakanyamaza, akafunika uso na ushungi wake, na sikuweza kutambua kicheko kimeisha wapi na kilio kimeanzia wapi. "Simbilisi," akawa anasema. "Mama, simbilisi!"

Alipofuta macho ndipo akamwona yule wa kahawia kwenye kona. Aliinama kwa shida, akamvuta, akamweka mapajani, akampapasa mbavu chini ya manyoya, akamfungua mdomo kwa kidole kidogo. "Fizi zimevimba," akasema. "Tangu mama augue nadhani hakuna aliyewakumbuka, wanapewa pumba tu." Nikamwambia alikuwa wa Shangazi, lazima. "Hapana," akasema. "Huyu nilimletea mama mimi mwenyewe, mwaka jana. Nikija ananipigia mluzi mimi." Mazishi yalikuwa kesho yake. Nilikuwa nimewasikia nje wakisema Sista amekataa gari, anataka kumsindikiza mama yake kwa miguu hadi makaburini, na kwamba ajabu, tangu jana miguu yake imepungua uvimbe.

"Mimi siamini mambo hayo," Konsolata akasema. Alikuwa anaitazama miguu yake.

"Wala mimi," nikasema.

Akaendelea kumpapasa. Mimi nina wajukuu, nimezika watu wengi, na nilisimama pale kama nilivyosimama na kijiko cha vitamini ya kuku, sijui nifanye nini na mikono yangu.

"Bustani za bondeni bado zipo?" akauliza.

Nikasema zipo, lakini si afadhali tungoje kesho, tukishazika?

"Leo, Vero," akasema. "Huyu hawezi kungoja."

Nikachukua kapu la Shangazi nyuma ya mlango nikatoka.